Gitaa Likitikisa Sauti, Usikimbilie Kuliuza

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana anayejifunza gitaa, leo keti naye msome pamoja.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili hapa Kisumu, alikuja amekunja uso. Gitaa lake kuukuu, alilolinunua kwa akiba ya mwaka mzima, lilikuwa likitoa sauti inayopanda na kushuka: wau, wau, wau. Wenzake walimwambia limeharibika, naye alikuwa njiani kwenda kuliuza sokoni Kibuye kwa bei ya kutupa.

Nikamwambia, "Hebu keti kwanza."

Siri ni hii. Uzi ukipigwa hutetemeka mara nyingi kila sekunde. Uzi wa pili kutoka ule mnene hutakiwa kutetemeka mara 110. Ule mnene wenyewe, ukibonyezwa kwenye nafasi ya tano, nao ufikie 110. Tuseme wake ulifikia 107 tu.

Sasa wafikirie wavuvi wawili wa Dunga wanaopiga makasia, mmoja akiwa mwepesi kidogo kuliko mwenzake. Makasia yakiingia majini pamoja, mashua huruka. Baadaye huyu anavuta na yule ameinua, mashua inazubaa. Kisha wanakutana tena. Nyuzi nazo ni hivyo hivyo: zikiisukuma hewa pamoja sauti huvuma, zikipingana hufifia. Toa 107 kutoka 110, unapata mapigo 3 kila sekunde.

Kumbe mapigo hayo si ugonjwa. Ndiyo dawa yenyewe! Mpwa wangu aliukaza uzi polepole. Mapigo yakawa mawili, likawa moja, kisha sauti ikatulia kama ziwa alfajiri. Lakini angalia: mapigo hayakuambii ni uzi upi ulio chini. Ukikaza nayo yakazidi kwenda mbio, umekosea njia, legeza.

Masikio yalifanya kazi hii kabla ya simu na vifaa vya betri. Nyatiti ina nyuzi nane, na kila mmoja sharti upatane na wenzake. Katika muziki wa benga, aliotuachia Daniel Owino Misiani alipofariki mwaka 2006, magitaa hukimbizana; yasipopatanishwa kwanza, wimbo huchacha.

Kibuye hakwenda tena. Sasa wanaonung'unika ni majirani.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.