Daktari mwanagenzi asiachwe peke yake wodini

MGOMO wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulitawaliwa na suala la malipo ya wanagenzi: Sh206,400 kwa mwezi za mkataba wa 2017, au Sh70,000 ambazo serikali ilipendekeza. Dai hilo lilikuwa halali. Hata hivyo, swali la nani humwelekeza mwanagenzi usiku halikupewa uzito, ilhali mwaka wa unagenzi uliwekwa ili ajifunze chini ya uangalizi wa daktari mzoefu. Mama anapovuja damu baada ya kujifungua, ushauri wa simu hautoshi. Mzoefu huyo afike wodini na, kesho yake, aketi na mwanagenzi wachambue kilichotendeka, bila vitisho. Kikao hicho kiwekwe kwenye ratiba ya zamu, na wasimamizi wa hospitali za kaunti waulizwe kisipofanyika.