Walicheza bila kipa, soda nikalipa mimi!

Wiki hii naomba niungame, maana dhambi ikikaa sana moyoni huota mizizi. Niliwahi kuwacheka Wangazija, tena mbele ya Mngazija mwenyewe, na ulimi wangu ukaniponza.

Ilikuwa Jumatatu, Januari 24, 2022, saa 4 usiku. Tumejazana kwenye banda la video mtaani kwetu kuangalia Kameruni, wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, wakikipiga na Komoro. Benchi la mbele kabisa kakaa jirani yangu, mzee ambaye babu yake alihamia Unguja kutoka Ngazidja. Kofia ya kushona kichwani, kanzu imepigwa pasi utadhani anakwenda kuoa.

"Shikamoo mzee. Leo umekuja kuzika?" nikamtania. Banda zima kicheko. Nikaona haitoshi, nikatangaza kuwa Komoro wakifungwa chini ya magoli 5, nawanunulia soda wote waliomo.

"Marahaba," mzee akajibu taratibu. "Hiyo ahadi usije ukaisahau, mwanangu."

Jamani, hivi mngekuwa nyinyi msingetamba? Komoro hawakuwa na kipa! Salim Ben Boina kaumia bega. Moyadh Ousseni kakamatwa na Korona. Ali Ahamada kapona, lakini akaambiwa siku zake za karantini hazijatimia. Sheria ikasema watu 11 mnao, ingieni uwanjani. Basi glovu akavishwa Chaker Alhadhur, beki wa kushoto! Jezi ya kipa, namba 3 imebandikwa kwa utepe kama daladala iliyopoteza kibao.

Hatujakaa vizuri, dakika ya 7 nahodha Nadjim Abdou akalimwa kadi nyekundu. Wako 10, kipa wa kuazima, tena ugenini. Mimi nikaanza kuhesabu vidole.

Lakini kumbe nilikuwa sijui ninaocheka nao wametoka wapi. Komoro ina watu wasiofika milioni moja. Ilipata uhuru mwaka 1975, FIFA ikaipokea mwaka 2005. Mwaka 2007 walipoonja mechi za mchujo wa Kombe la Dunia, Madagaska iliwatandika 6-2 kwake, kisha ikawafuata nyumbani na kuwaongeza 4-0. Wengine hapo tungeunda tume.

Wao mwaka 2014 timu wakampa Amir Abdou, mtoto wa Marseille, mji wa Ufaransa uliojaa Wangazija. Jamaa akawatafuta vijana wenye asili ya visiwani waliokuwa wanacheza huko Ulaya. Si mastaa, bwana. Wengi ni wa madaraja ya chini, majina yao hata kwenye redio hujawahi kuyasikia. Akakaa nao miaka. Machi 25, 2021, wakatoka suluhu na Togo pale Moroni, tiketi ya kwanza ya Kombe la Mataifa ikawa mfukoni.

Kule Kameruni wakafungwa 1-0 na Gabon, wakafungwa 2-0 na Moroko. Kila mtu akajua ndiyo basi. Mechi ya tatu wakamfunga Ghana, bingwa mara 4 wa Afrika, 3-2, wakamfungisha virago!

Turudi bandani. Dakika ya 29 Toko Ekambi akafunga. Nikasema moja hiyo, bado nne. Sasa yule beki akaanza vituko. Mpira unakuja anautema, unarudi anaukoa, Aboubakar ameshika kichwa. Watu wakaacha kucheka. Dakika ya 70 Aboubakar akapata lake, 2-0. Dakika ya 81, Youssouf M'Changama akapiga faulo kutoka mbali, mpira ukaenda moja kwa moja wavuni. 2-1! Banda likalipuka. Mimi nami nilikuwa nimesimama, sijui nani alininyanyua.

Ilipoisha, 2-1 ile ile, nikamgeukia mzee. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Babu yangu alipoteremka Unguja," akasema, "walimuuliza kisiwa chake kiko wapi. Mpaka mimi nimekua naulizwa. Leo nani ataniuliza?"

Nilikosa la kusema. Sisi tumezidi milioni 60, lakini tangu fainali za 1980 tulikaa miaka 39 ndipo tukarudi, mwaka 2019. Katikati hapo hatukukosa sababu: mara refa, mara nyasi, mara maandalizi hafifu. Wenzetu sababu ya kukosa kipa walikuwa nayo, tena ya kweli, lakini wakaingia uwanjani.

Na msidhani walibahatisha. Novemba 2023 Ghana ikaenda Moroni, ikafungwa 1-0. Oktoba 2024 wakaifuata Tunisia kwao, 1-0, kisha wakamaliza vinara wa kundi na kufuzu tena.

Soda nililipa, hela ya kodi ya chumba ikayumba. Mzee akachagua tangawizi, akanywa polepole makusudi, huku ananitazama.

Ukimwona mdogo kaingia uwanjani, mpendwa msomaji, funga mdomo kwanza. Wiki ijayo, panapo majaliwa.