Kabla ya Hesabu Kuna Neno

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa madarasani kama wasia kwa mfanyabiashara mdogo, lakini maana yake imepanuka mno katika zama hizi. Daftari la leo ni kompyuta, na yanayoandikwa humo ni watu, mifugo, mvua, fedha zinazotumwa kwa simu na hata alama za vidole. Kulisoma na kulifasiri daftari hilo kumekuwa taaluma kamili. Vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya uzamili inayounganisha uchumi na data kubwa, yaani wingi wa taarifa usioweza kuchambuliwa kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi wake husoma nadharia za uchumi, takwimu na uundaji wa programu, kisha huitwa kuishauri serikali, benki au shirika la misaada.

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huitazama taaluma hii kwa mbali, wakidhani kuwa ni shughuli ya watu wa namba. Dhana hiyo ina kasoro. Hakuna tarakimu inayojizaa yenyewe. Kabla ya hesabu kuna swali, na kabla ya swali kuna neno. Ukweli huu unadhihirika wazi huko Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla.

Na tuanze na sensa. Sensa ya 1999 iliupa Mkoa wa Kaskazini Mashariki watu 962,143. Ile ya 2009 ikaupa 2,310,757. Mnamo Agosti 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya wilaya nane nchini, tano kati yake zikiwa za mkoa huo: Lagdera, Wajir Mashariki, na Mandera Mashariki, Kati na Magharibi. Mzozo haukuishia hapo. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 katika baadhi ya sehemu za Garissa, Wajir na Mandera. Haya si mabishano ya kujifurahisha. Katika utaratibu wa kwanza wa kugawa mapato baina ya kaunti, idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Kichwa kisichohesabiwa ni dawa isiyofika zahanati. Na kichwa kilichozidishwa ni dawa ya kaunti nyingine.

Sasa litazamwe neno kaya. Katika vitabu vya takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Je, vijana walioondoka na ngamia kutafuta malisho, ilhali mama na watoto wadogo wamebaki karibu na kisima, ni kaya moja au mbili? Vyungu ni viwili, mkuu ni mmoja, na makao ya vijana hubadilika kwa kufuata mvua. Haidaiwi hapa kwamba utata wa neno ndio uliouzaa mzozo wote; siasa na fedha zina sehemu yake kubwa. Kinachodaiwa ni kwamba hakuna kompyuta iwezayo kulitengeneza jibu la swali lililoulizwa vibaya.

Mfano wa pili ni bima ya mifugo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ilianzisha bima ya aina mpya huko Marsabit mwaka 2010, kisha ikaeneza huduma hiyo hadi Wajir. Hakuna mtu anayezunguka kuhesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa ardhi, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wenye bima wa eneo hilo hulipwa. Hapa uchumi na data kubwa vimekutana kwa manufaa ya mfugaji. Hata hivyo, satelaiti huona ukijani tu. Haitofautishi nyasi na mathenge, mti ambao umevamia malisho mengi ya nchi kame. Anayejua tofauti hiyo ni mfugaji, na elimu yake imo katika lugha yake. Aidha, Waislamu wengi waliitilia bima ya kawaida shaka ya riba na kamari. Ilipoundwa upya kwa misingi ya takafuli, yaani washirika kuchanga na kusaidiana, wafugaji wa Wajir waliijongelea, na mwaka 2014 baadhi yao wakalipwa. Jina lilibadilika kwa sababu mkataba wenyewe ulibadilika, na mkataba ulibadilika kwa sababu watu walisikilizwa.

Mfano wa tatu unatia uchungu zaidi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991. Katika miaka ya ukame, Wakenya wa maeneo jirani walijiandikisha humo ili wapate chakula, matibabu au shule. Alama za vidole vyao zikahifadhiwa chini ya neno moja: mkimbizi. Walipokwenda kuomba vitambulisho vya taifa, mashine iliwakana. Maelfu ya raia wakaishi miaka mingi bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho hapati kazi rasmi, hafungui akaunti ya benki wala hapigi kura. Mashine haikukosea hesabu. Ilitii neno iliyopewa.

Yamkini atatokea wa kuuliza: Kiswahili kinahusikaje, maadamu lugha ya kwanza ya wengi huko ni Kisomali? Swali ni la haki. Kisomali kinastahili nafasi yake, na mtafiti asiyekijua ni bora atembee na anayekijua. Lakini Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ni daraja baina ya mwenyeji na afisa aliyetoka Kisii au Taita, naye mwananchi ana haki ya kuelezwa kwacho jinsi alivyohesabiwa. Daraja hilo likikosa mbao, yaani istilahi, atakayetumbukia ni mwananchi.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili na za uchumi zikae meza moja. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, ni mahali panapofaa kuanzia. Tasnifu za uzamili kuhusu uchumi wa eneo hilo ziwe na ikisiri ya Kiswahili inayoweza kusomwa barazani. Istilahi za data ziundwe na wanalugha wakishirikiana na wanauchumi na wafugaji, kisha zijaribiwe visimani na katika soko la mifugo la Garissa kabla ya kuingizwa kamusini. Nao wanafunzi wa Kiswahili wasiikimbie takwimu. Atakayejua kuhoji maana ya kaya na pia kuisoma jedwali ya kaya atakuwa na manufaa kuliko anayejua moja tu.

Daftari la Kaskazini Mashariki linaendelea kuandikwa kila siku. Wataalamu wa lugha wakikataa kushika kalamu, wasishangae wakikuta watu wameandikwa humo kwa majina yasiyo yao.