"Spurn" si kukataa tu

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu maneno ya Kiingereza ya dharau, hapo kwenye "spurn" sikubaliani nawe. Si kukataa tu. Kitenzi hiki ni cha Kiingereza cha kale na asili yake ni kupiga teke. Katika tamthilia ya The Merchant of Venice, mhusika Shylock analalamika kwamba alitendewa hivyo, kama mbwa anayefukuzwa mlangoni. Basi binti aliye-"spurn" posa hakuikataa kwa adabu, ameipiga teke.

Nafundisha kidato cha tatu, na wanafunzi wangu kila dharau huiandika "despise". Siku moja nilimwita mmoja mbele, nikamwambia apandishe pembe moja ya mdomo wa juu huku akimtazama mwenzake. Darasa zima likapiga kelele: "Anabeua!" Nikaandika ubaoni "sneer", na hawajaisahau hadi leo. "Scoff" yenyewe hutoka na sauti, ni kubeza kwa maneno au kicheko.

Tafadhali ongeza pia "flout", kukaidi sheria waziwazi. Hata Waingereza wenyewe huichanganya na "flaunt", ambayo ni kujishaua, na kwenye insha za mtihani nakuta kosa hilo kila mwaka.