Usiniambie Mnafuata Biblia, Niambie Nani Anahesabu Sadaka

Jumapili iliyopita kanisani kwetu tulitoa sadaka ya shilingi 8,460. Najua kwa sababu ilisomwa mbele ya kila mtu. Stima, 600. Kurekebisha viti, 850. Mama aliyefiwa, 3,000. Imebaki 4,010, inaenda kwa kodi. Mweka hazina wetu ni mama anayeuza uji stejini asubuhi. Anasoma namba polepole kutoka kwa daftari, halafu anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kuna siku kijana wa gredi ya saba aliinua mkono akauliza mbona stima imepanda. Na alijibiwa, si kutulizwa.

Kanisa lenyewe ni chumba cha mabati nyuma ya hadwea huku Eastlands. Tukijaa sana ni watu 70. Hatuna askofu, hatuna makao makuu, hatuko chini ya dhehebu lolote. Ni lile kanisa ukilipita na matatu unajiuliza, "Hili nalo lilianza lini?"

Najua vile wengi wenu mnaona makanisa kama haya. Baada ya Shakahola, nani atawalaumu? Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi, watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa ndio wakutane na Yesu. Paul Mackenzie alishtakiwa, akakana mashtaka. Lakini kitu kimoja hunisumbua kila nikikumbuka hiyo stori. Wale watu hawakuambiwa wanaiacha Biblia. Waliambiwa wao ndio wanaifuata kabisa, na sisi wengine tumepotea.

Ndio maana mtu akiniambia "kanisa letu linafuata misingi ya Biblia," mimi husema sawa, lakini bado hujaniambia kitu. Kila kanisa linasema hivyo. Swali langu ni moja: nyinyi mnafuata hiyo Biblia, nani anaruhusiwa kuuliza kama mmeisoma vibaya?

Wacha niwaambie kwa nini hili swali ni langu.

2019 mzee wangu aliugua figo. Wakati huo tulikuwa tunaenda kanisa kubwa, lenye taa, skrini na walinzi mlangoni. Mathe aliambiwa apande mbegu ndio mzee apone. Akachukua pesa zake za chama, 40,000, akapeleka madhabahuni. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa pale, na mimi nikapiga makofi. Mzee alifariki Novemba ya huo mwaka. Mathe aliporudi kuomba usaidizi wa mazishi, hakuitisha zile 40,000, aliomba tu chochote, aliambiwa imani yake ilikuwa na shaka. Alipouliza mara ya pili, akasomewa ule mstari wa kutogusa wapakwa mafuta wa Bwana. Mathe akanyamaza. Alinyamaza karibu mwaka mzima, hadi nyumbani.

Sasa, juzi nikaenda kusoma ile Zaburi yenyewe, ya 105, yote, si mstari mmoja. Na manze, nilikasirika. Wapakwa mafuta wanaoongelewa pale si watu wenye msafara wa magari. Ni kina Ibrahimu na familia yake, watu wachache, wageni, wanahama kutoka nchi hadi nchi bila mtu wa kuwatetea. Na wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme. Yaani huo mstari unalinda mnyonge dhidi ya mkubwa. Mathe ndiye alikuwa anaufaa pale, si yule aliyemsomea. Mtu aligeuza ngao ikawa rungu.

Tulipokuja kwa hili kanisa la mabati, hatukuja juu ya mahubiri. Kusema ukweli, pasta wetu si mhubiri moto. Anarudia stori, na akishikwa na hisia anapotea njia. Tulikuja juu jirani alimwambia mathe, "Kwetu hesabu zinasomwa." Basi. Hiyo sentensi moja ndiyo ilimtoa mathe kwa nyumba.

Baadaye nikagundua hiyo si tabia tu ya pasta kuwa mtu poa. Wameitoa kwa Biblia. Soma 2 Wakorintho 8. Paulo anapeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, na yeye ni mtume, angesema "niaminini." Hakusema. Alitaka msafara uwe na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ndio mtu yeyote asipate sababu ya kuwalaumu kuhusu ile pesa. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Mungu na pia mbele ya watu. Hiyo "pia" ndiyo wengi huruka. Na Samweli akiwa mzee, 1 Samweli 12, alisimama mbele ya taifa lote akauliza ni ng'ombe wa nani amechukua, nani amemdhulumu, kutoka kwa mkono wa nani amekula hongo. Nabii mzima anaitisha ukaguzi wake mwenyewe hadharani!

Halafu kuna Matendo 6. Kanisa la kwanza kabisa lilipata fujo ya chakula: wajane waliokuwa wanaongea Kigiriki walikuwa wanarukwa kwa ugawaji. Watu wakanung'unika. Angalia mitume walifanya nini. Hawakuwaita waasi, hawakusema ni roho ya uchochezi. Waliita watu wote, wakawaambia wachague saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba, kina Stefano, Filipo na Timoni, ni ya Kigiriki. Inaonekana wazi kazi ilipewa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Jiulize kwa kanisa lenu, ukilalamika leo, utapewa daftari la hesabu ama utaombewa utokwe na pepo?

Mwaka huu hiyo misingi ilitugonga sisi wenyewe. Kuna mheshimiwa mmoja anautaka udiwani 2027. Alituma watu: shilingi 150,000, na spika mpya mbili. Alichotaka ni dakika tano tu za "kusalimia waumini."

Mimi ndiye hushughulikia sauti kanisani. Spika yetu inakwaruza kama redio ya kinyozi. Kwa hivyo sitawadanganya, nilitaka hiyo pesa. Nilisimama nikasema Mungu anaweza kutumia yeyote, na kwamba 150,000 ni kodi ya miezi mingi. Vijana wenzangu wakanipigia makofi. Nilikuwa nimewapa pointi, nikakaa nikijiona.

Pasta hakuamua. Aliuliza wengine wanasemaje. Shosho mmoja, wale hukaa karibu na mlango juu ya upepo, akauliza swali moja tu: "Akishachaguliwa na aibe, nani kati yetu atamwambia, na tunaongea kwa maiki yake?"

Kimya. Mimi sikuwa na jibu. Tulipopiga kura, upande wangu ukashindwa.

Uamuzi ulikuwa huu: mheshimiwa akaribishwe kama mtu yeyote. Akae kwa kiti cha plastiki, aimbe, atoe anachotaka kwa kikapu bila jina kutajwa. Mpaka leo hajafika. Spika bado inakwaruza.

Kuna watu wataniambia hiyo ni kiburi cha maskini. Lakini sisi vijana ndio tulipiga kelele 2024 tukisema wanasiasa watoke kwa madhabahu. Na Novemba hiyo hiyo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki hapa Nairobi aliagiza pesa ambazo Rais alitoa kwa parokia ya Soweto zirudishwe. Tulishangilia, mtandao ukawaka. Sasa ni rahisi kushangilia kanisa kubwa likirudisha mamilioni. Ilipofika zamu ya kanisa langu, na spika ni ya kazi yangu, mimi ndiye nilikuwa upande wa kupokea. Hilo limeninyenyekesha kuliko mahubiri yoyote.

Sisemi makanisa madogo ndiyo mazuri. Udogo si utakatifu. Kanisa dogo ni rahisi sana kuwa mali ya mtu: shamba kwa jina la pasta, mke wake mweka hazina, shemeji yake katibu. Barua ya tatu ya Yohana inamtaja mtu anaitwa Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza kiasi cha kufukuza watu kanisani, na makanisa ya siku hizo yalikuwa yanakutana kwa nyumba za watu. Hata sisi tuna yetu. Wazee wa kanisa ni wanne, mwanamke ni mmoja, kijana hakuna. Nimeuliza kuhusu hilo. Nimeambiwa litaongelewa. Nitauliza tena.

Na hiyo ndiyo pointi yangu yote. Serikali inaweza kusajili kanisa, na Sheria ya Vyama inadai ripoti kila mwaka kwa Msajili. Sawa, ifanyike. Lakini Msajili hatakuwa pale Jumapili mathe wa mtu akiambiwa apande mbegu na pesa ya hospitali. Atakayekuwa pale ni wewe. Mimi nilikuwa pale 2019, na nilipiga makofi.

Kwa hivyo usichague kanisa juu ya bendi, wala usilikimbie juu ni la mabati. Uliza vitu vitatu. Pesa inahesabiwa na nani, na inasomwa wapi? Pasta akikosea, nani anaweza kumwambia na abaki kanisani? Na ukienda nyumbani ukasoma ile sura yote, ukapata inasema kingine, unaruhusiwa kurudi kuuliza? Watu wa Beroya, Matendo 17, walimkagua hata Paulo kwa Maandiko kila siku, na Biblia inawasifu kwa hilo.

Mathe siku hizi husaidia kuhesabu. Wanakuwa watu watatu, meza iko mbele, kila mtu anaona. Kuna siku nilimuona amemaliza, akaandika namba, akaipigia mstari mara mbili, akatabasamu peke yake.

Sasa wewe. Kanisani kwenu, sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa pesa ngapi? Kama hujui, uliza Jumapili hii. Halafu uangalie vile watakutazama.