Unga wa plastiki usiwekwe majumbani

Tarehe 20 Februari 2003, wafanyakazi wa kiwanda cha CTA Acoustics, Kentucky, Marekani, walikuwa wakisafisha karibu na joko lenye moto. Vumbi la unga wa resini ya plastiki likatimka, likaripuka, na watu 7 wakafa. Unga huo ukitulia ndani ya gunia huonekana hauna neno. Ukitanda hewani, cheche moja yatosha.

Pemba inajiandaa kwa viwanda, na eneo la Chamanangwe limetengwa kwa kazi hiyo. Mzigo wa unga kama huu mahali pake ni huko. Lakini Tibirinzi, pia Pemba, ni mtaa wa watu na watoto. Nyumba zake zisigeuzwe maghala ya unga huo.

Popote unga huo utakapohifadhiwa, magunia yafungwe vyema na yapangwe juu ya chaga, pakavu, penye hewa, mbali na moto, sigara na uchomeleaji. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lifyonzwe kwa mashine iliyotengenezwa kwa vumbi linaloripuka. Wafanyakazi wapewe barakoa na miwani.

Tunawataka wakaguzi wa usalama kazini na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wayakague maghala ya unga huu mapema, kabla ya maafa.