SITARA YA MUISLAMU SI BIDHAA

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, leo sisemi juu ya miziki wala mavazi ya mitandaoni. Hayo mmeyasikia mpaka masikio yamekinai. Leo nasema juu ya dhambi tunayoifanya tukiwa na udhu, tumekaa msikitini tunasubiri iqama, simu iko mkononi: kuanika aibu ya mtu kwa kidole kimoja.

Tuanze na biashara ya mikopo ya mtandaoni. Mtu ana mgonjwa, hana kitu. Anapakua programu, inamuomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu yake, naye kwa dhiki aliyonayo anakubali. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unakwenda kwa mama mkwe, kwa bosi wake, kwa jirani: "Fulani ni tapeli, mwambieni alipe." Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu alizozipata kwa watu wengine na kuwatumia vitisho.

Hao ni madhalimu, na mla riba ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Lakini leo siwaandikii wao. Nakuandikia wewe uliyepokea ule ujumbe. Ulifanya nini? Uliusukuma kwenye grupu la familia, ukaongeza na maneno yako: "Jamani, kumbe!" Mkopeshaji alitupa jiwe moja. Wewe ndiye uliyelifanya mvua ya mawe.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara aya ya 282, inazungumzia deni. Allah ameamrisha liandikwe na lishuhudiwe: wanaume wawili, au mwanamme mmoja na wanawake wawili. Basi. Na aya ya 280 inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni kheri zaidi. Nionyeshe palipoandikwa kwamba apelekewe aibu kwa watu mia tatu wa kwenye grupu.

Utaniambia: "Sheikh, matapeli wapo kweli. Tusiwaonye watu?" Waonye! Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, na miongoni mwake ni kumshitaki dhalimu kwa mwenye uwezo wa kuondoa dhulma, na kumtahadharisha Muislamu na shari. Lakini kushitaki kuna mlango wake, na tahadhari ina mtu wake inayemhusu. Na kabla ya yote hayo, Al-Hujurat aya ya 6 imetutaka tuthibitishe habari. Wewe ulithibitisha kwa nani? Ulisoma, ukacheka, ukatuma.

Nenda kwenye mpira. Julai 2021, fainali ya Ulaya pale Wembley, Uingereza ilifungwa na Italia kwa penalti. Vijana watatu weusi, Rashford, Sancho na Saka, walikosa penalti zao, na usiku uleule wakamiminiwa matusi ya ubaguzi mitandaoni. Saka alikuwa na miaka 19. Sisi huku tuliwalaumu Waingereza. Haya, soma tunayoandikiana sisi kwa sisi siku ya Simba na Yanga! Mchezaji kakosa goli, anatukanwa mama yake aliyemzaa, na anayetukana amejiita Abdallah, yaani mtumwa wa Allah. Kuna kijana aliyemtukana golikipa kwa sababu mkeka wake umechanika. Huyo ana madhambi mawili: kamari, na heshima ya mtu aliyoila.

Sasa tuje nyumbani kwetu, hapa msikitini. Tunagawa futari, mjane anapokea kilo mbili za unga, na kamera imesimama usoni pake. Hakuombwa idhini. Na hata angeombwa, mwenye njaa atakataa vipi? Allah ametukataza kubatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi, na akasema kuificha kwa kumpa fakiri ni bora zaidi kwetu. Mnasema wafadhili wanataka ushahidi. Wapigieni picha magunia! Wapeni hesabu na risiti. Uso wa mjane si risiti.

Na watoto wa madrasa je? Kenya, mwaka huohuo wa 2023, shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasikitisha sana kwamba serikali inatufundisha kuomba idhini, na sisi tuna Surat An-Nur inayotukataza kuingia nyumba ya mtu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Simu ya mtu ni nyumba yake. Picha ya mtoto wake ni chumba cha ndani.

Basi shika haya matatu. Ujumbe wa kumuaibisha mdaiwa ukikufikia, ufute, na kama una uwezo msaidie alipe. Picha ya mtu usiitume mpaka yeye mwenyewe aridhie. Na kabla ya kuandika juu ya mtu, jiulize kama ungeweza kulisema hilo mbele yake na mbele ya mama yake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri Siku ya Kiyama. Siku hiyo kila mmoja wetu atakuwa na lake ambalo asingependa lisomwe. Allah atusitiri duniani na akhera. Aamiin.

Na kwenye maoni hapo chini, tafadhali, msitaje jina la mtu.

Wallahu a'alam.